Aliyetoka Matibabuni Atembee kwa Kiasi Gani, na Mzigo Wake Ubebwe na Nani?

 

Katika toleo hili tunataka kutafakari pamoja swali ambalo familia nyingi hukutana nalo bila kulitaja kwa jina. Tuseme mtu wetu ameugua kansa ya utumbo mpana. Amepasuliwa, amemaliza dawa za mshipani, pengine amepitia na mionzi. Daktari amemwambia sasa arudi nyumbani, ale vizuri, aanze kutembea kidogo kidogo. Amefikia kwa dada yake huku Naguru, katika chumba kimoja cha kupanga, akingoja siku ya kurudi kliniki kabla ya kupanda basi la kwenda makazini. Asubuhi anavaa viatu ili atoke nje. Hapo maneno yanaanza.

Dada yake anamwambia: "Kaka, keti chini, wewe bado mgonjwa. Ukianguka njiani nitamwambia mama nini?" Jirani wa kanisa naye anasema: "Kama kweli Bwana amekuponya, mbona unatembea kama mzee? Tupe ushuhuda, beba na wewe maji kama zamani." Na moyo wake mwenyewe unamsuta: "Watoto hawajalipiwa karo, na mimi nazunguka barabarani kunyoosha miguu kama tajiri."

Sauti hizi tatu zatoka kwa watu wema, na kila moja ina sehemu ya ukweli. Ndiyo maana ni vigumu kuzijibu. Swali letu ni hili: mwili uliotoka matibabuni una wajibu gani? Na sisi tunaokaa nao tuna wajibu gani kwake? Tunavyoona sisi, mgonjwa ana wajibu wa kusema kweli juu ya nguvu zake, siku kwa siku, bila kuzipunguza na bila kuziongeza. Lakini hawezi kutimiza wajibu huo peke yake. Anayeenda polepole huweza kwenda polepole kwa sababu kuna mwingine aliyekubali kubeba mzigo wake kwa muda. Tutaeleza.

UGONJWA WENYEWE NA HABARI ZAKE

Wako wanaosema kansa ya utumbo ni ugonjwa wa Wazungu. Neno hilo lina chanzo chake hapa hapa Uganda. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alikuja Uganda mwaka 1946, akafanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago mpaka alipoondoka mwaka 1966. Wengi wanamjua kwa ile kansa ya watoto inayovimbisha taya, aliyoiandika mwaka 1958 na ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Baadaye alitazama jambo lingine: kansa ya utumbo mpana ilikuwa nadra sana katika vijiji vya Afrika kuliko Ulaya na Marekani. Yeye aliona kwamba sababu kubwa ni chakula chetu chenye nyuzinyuzi nyingi, kama maharage, nafaka isiyokobolewa na mboga.

Lakini nadra siyo kusema haipo, na nyakati zimebadilika. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu zaidi ya milioni 1.9 duniani walipatikana na kansa ya utumbo mpana au ya sehemu ya mwisho ya utumbo, karibu na njia ya haja kubwa. Waliokufa mwaka huo walizidi 930,000. Wagonjwa wake wapo pia katika Taasisi ya Kansa ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, na kutoka Naguru hapo si mbali. Kwa hiyo mtu wetu akipatikana nayo, asidhaniwe kuwa amerogwa wala kuwa ameishi maisha ya anasa. Ameugua tu, kama wanadamu wanavyougua.

Iko pia habari ambayo kila familia yenye mgonjwa wa namna hii inapaswa kuijua. Mwezi wa Juni 2025 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilitoa matokeo ya utafiti ulioitwa CHALLENGE. Walishiriki watu 889 waliokuwa wamepasuliwa kansa ya utumbo mpana na kumaliza dawa za mshipani, wengi wao wa Kanada na Australia. Nusu yao walipewa maandishi ya kuwaeleza mambo ya afya. Nusu nyingine walipewa mshauri aliyewasindikiza kwa miaka 3 katika mpango wa mazoezi. Kila mmoja alichagua zoezi lake, na mwendo wa miguu wa haraka kidogo ulitosha. Lengo lilikuwa kuongeza, taratibu, kiasi kinacholingana na kutembea hivyo kwa dakika 45 hadi 60, mara 3 au 4 kwa juma.

Baada ya miaka 5, katika kila watu 100 wa kundi la mazoezi, kama 80 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi wala kansa nyingine mpya. Katika kundi la maandishi walikuwa kama 74. Baada ya miaka 8, waliokuwa hai ni kama 90 katika 100 kwa kundi la kwanza na 83 kwa kundi la pili. Watu hao hawakuwa wakimbizi, na hawakuwa na kansa ya sehemu ya mwisho ya utumbo. Kwa hiyo tusiseme zaidi ya ilivyopimwa. Hata hivyo ni jambo kubwa: kutembea kwa mpango, ambako hakununuliwi dukani, kulisaidia watu kuishi.

SAUTI YA KWANZA: "PUMZIKA"

Sauti hii ni ya upendo, na mwanzoni ni ya kweli. Mtu aliyepasuliwa tumbo anahitaji usingizi, chakula na utulivu. Lakini upendo usiojua kubadilika unaweza kumfunga yule unayetaka kumwokoa.

Tuangalie kinachotokea. Mtu akilala siku nyingi, misuli inakonda, mapafu hayafunguki vizuri, na damu inakaa miguuni hata inaweza kuganda. Ndiyo maana wauguzi humsimamisha mgonjwa mapema baada ya upasuaji, hata akilalamika. Tena uchovu wa kansa ni tofauti na uchovu wa shamba. Uchovu wa shamba unaondoka ukilala. Uchovu wa kansa unaweza kuwepo hata baada ya kulala usiku kucha, na mara nyingi unapungua mtu anapotembea kidogo kila siku. Ni ajabu, lakini madaktari wameliona mara nyingi.

Kuna jambo la pili, na hili si la mwili tu. Mtu anayekatazwa kila kitu anajifunza kwamba yeye hana kazi tena duniani. Anainuka kuchukua kikombe, mtoto anamnyang'anya. Anataka kufagia mlango, mkwe anachukua ufagio. Wote wana nia njema. Lakini jioni yule mtu amekuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Sisi tuliopoteza nyumba na mashamba tunajua vizuri uchungu wa kuwa mtu wa kupewa kila kitu. Tusimwongezee mgonjwa ukimbizi wa pili ndani ya familia.

Basi dada, usimwambie kaka yako aketi. Mwulize: "Leo unaweza kiasi gani?" Kisha tembea naye. Huo nao ni ulinzi, na ni bora kuliko ule wa kufunga mlango.

SAUTI YA PILI: "ONYESHA KWAMBA UMEPONA"

Sauti hii inasikika sana makanisani kwetu, na inafaa tuiseme kwa upole. Tunapenda ushuhuda. Tunapenda kumwona aliyekuwa kitandani akisimama mbele ya watu na kuruka kwa furaha. Lakini tumbo lililoshonwa halijui ushuhuda. Ukuta wa tumbo unahitaji majuma mengi ili ushike vizuri. Madaktari wengi huwaambia wagonjwa wasiinue kitu kizito kwa majuma 6 hivi ya kwanza, na wengine hutaja kilo 4 au 5 kuwa ndiyo mwisho. Mwenye mfuko wa choo tumboni huambiwa ajihadhari muda mrefu zaidi, kwa sababu ngiri hupenda kutokea pembeni ya ule mfuko.

Sasa tupime. Bidoni la lita 20 likijaa maji lina kilo 20, mbali na uzito wa bidoni lenyewe. Hata lile dogo la lita 5 tayari ni kilo 5. Mama anayeinua bidoni kubwa jumapili ya tatu ili watu waone kwamba Mungu ni mwaminifu, anaweza kurudi hospitali akiwa na ngiri. Je, Mungu amekuwa si mwaminifu? Hapana. Ni sisi tuliomdai mama huyu alipe kwa mwili wake deni ambalo hakuwa nalo.

Kumbukeni Yakobo. Alikuwa mkimbizi miaka mingi, na katika kurudi kwao usiku mmoja alipata kilema cha nyonga. Ndugu yake Esau akamjia na watu 400, akataka waongozane. Yakobo akakataa kwa heshima. Alimweleza kwamba watoto ni wadogo na wanyama wananyonyesha, na wakiharakishwa hata siku moja watakufa. Basi Esau atangulie, yeye atakuja taratibu kwa mwendo wa watoto na wanyama. Hapa Yakobo ni mtu aliyebarikiwa usiku huo huo, lakini anachechemea, na anasema waziwazi kwamba hawezi mwendo wa watu 400. Baraka haikumwondolea haja ya kupima. Wala hakuona aibu kumwambia Esau ukweli.

Kwa hiyo mgonjwa anaposema "leo naweza dakika 10 tu", msimwone ana imani haba. Anasema kweli juu ya mwili wake. Na kusema kweli ni sehemu ya imani.

SAUTI YA TATU: "HUNA HAKI YA KUJISHUGHULIKIA"

Sauti hii inatoka ndani, na ndiyo inayoumiza zaidi. Mtu anawaza: mimi nimetibiwa, wengine hawakupata. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi ya Uganda ilipoharibika pale Mulago, na mpya ilianza kazi mwanzoni mwa 2018. Katika muda huo baadhi walipelekwa Nairobi, na wengine wakangoja. Aliyepona anajiona ana deni kwa waliokufa, kwa waliochangia nauli, kwa watoto waliokosa karo. Kutumia nusu saa kila siku kwa ajili ya miguu yake kunaonekana ni ubinafsi.

Tena kwetu kutembea kuna kumbukumbu nyingine. Wengi tulitembea siku nyingi tukiwa na watoto mgongoni, kutoka Kivu au Ituri, bila kujua tunakofika. Mtu akituambia kutembea ni dawa, miguu inakumbuka kukimbia. Kuna mama anayeweza kutetemeka akiona barabara ndefu tu. Tusimcheke. Aanze na uwanja wa kanisa au ua wa nyumba, mahali anapouona mlango, na awe na mwenzake.

Juu ya deni tuseme hivi. Ni kweli kwamba mwili uliotibiwa kwa michango ya watu si wa mtu mmoja tu. Lakini kama ni amana ya wengi, basi kuutunza ndiyo kulipa. Mtu akikopeshwa baiskeli na jirani, hamheshimu jirani kwa kuiacha ioze uani kwa kuogopa kuivunja, wala kwa kuipakia magunia mpaka ivunjike. Anaitumia kwa kiasi na kuitia mafuta. Ile nusu saa ya asubuhi ndiyo mafuta. Wanaokupenda hawakuchanga fedha ili uzimie chini ya mzigo juma la tatu. Walichanga wakitaka uwepo mwakani.

KIPIMO CHENYEWE

Sasa tuseme jinsi ya kupanga. Haya ni ya jumla, na neno la daktari wako linatangulia yote. Mwoneshe mpango wako siku ya kliniki.

Kwanza, majuma 6 baada ya upasuaji. Tembea mahali tambarare dakika 5, mara 2 au 3 kwa siku. Juma linalofuata, kama hukuumia, ongeza dakika 2 au 3 kwa kila safari. Usibebe kizito, usilime, usisukume baiskeli yenye mzigo. Naguru ni kilima, na njia zake nyingi zinapanda na kushuka. Ukianza kwa kushuka utafurahi wakati wa kwenda, kisha utakuta mlima unakungoja wakati umechoka. Ni heri kutafuta kipande kifupi kilicho tambarare karibu na nyumba na kukirudia mara kadhaa. Toka asubuhi mapema kabla ya jua kali, na ujihadhari na bodaboda.

Pili, wakati wa dawa za mshipani. Siku chache baada ya kila dripu nguvu hushuka. Punguza safari iwe nusu, lakini kama unaweza kusimama usiiache kabisa. Ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, hiyo si siku ya mazoezi, ni siku ya kwenda hospitali bila kungoja kesho. Dawa nyingine huleta ganzi ya vidole na nyayo, nayo inaweza kukaa miezi. Mwenye ganzi avae viatu vya kufunika mguu, aache kandambili, atazame anapokanyaga, na jioni achunguze nyayo zake asije akawa na kidonda asichokisikia.

Tatu, baada ya kumaliza matibabu. Panda polepole mpaka dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa juma. Hizo ni dakika 150, na ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima. Inaweza kuchukua miezi 3, au miezi 6. Ongeza jambo moja moja: kwanza dakika, kisha siku, kisha mwendo wa haraka, na mwisho kabisa mlima. Mara 2 kwa juma ongeza mazoezi ya misuli: keti na kusimama kutoka kitini mara 5 hadi 10, au egemea ukuta kwa mikono na kujisukuma. Usibane pumzi unapofanya hivyo.

Utajuaje kama mwendo unafaa? Ukiweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba, mwendo ni mzuri. Ukiweza kuimba wimbo mzima bila kukatika, unaweza kuongeza kidogo. Ukishindwa hata kuongea, punguza. Kipimo hiki hakihitaji saa wala mashine.

Mwenye mfuko wa choo aumwage kabla ya kutoka, achukue wa akiba, na anywe maji ya kutosha, hasa kama choo chake ni cha majimaji, maana anapoteza maji na chumvi upesi.

Simama na utafute msaada ukiona maumivu ya kifua, kizunguzungu, pumzi kukatika hata ukiwa umepumzika, mguu mmoja kuvimba na kuuma, damu, au uvimbe mpya karibu na kidonda.

Mwisho, weka daftari. Andika tarehe, dakika, na neno moja la hali yako: "nzuri", "nimechoka", "maumivu". Siku mbaya ikija, rudi kwenye kipimo cha juma lililopita bila aibu, kisha panda tena. Daftari ni shahidi mzuri, kwa sababu halikusifu wala halikulaumu.

MZIGO UBEBWE NA NANI?

Hapa tunafika kwenye kiini. Mpango huu wote umesimama juu ya jambo moja: kwamba kwa miezi kadhaa mtu mwingine atachota maji, atalima, atabeba kuni. Kwa tajiri, mwingine huyo ni mfanyakazi wa kulipwa. Kwetu ni nani? Tukimwambia mama mjane mwenye watoto wadogo "usiinue kitu mpaka majuma 6", kisha tukaondoka, hatukumshauri. Tumempa sheria asiyoweza kuishika, na akivunjika tutasema hakusikia. Hilo si haki.

Kwa hiyo ushauri wa kwenda polepole unamdai anayeutoa kuliko anayeupokea. Anayesema "pole pole, mama" awe tayari kusema pia "bidoni lako niachie mimi". Tunapendekeza kila kikundi cha maombi kifanye jambo hili kwa utaratibu: mgonjwa akirudi makazini, wapangwe watu kwa zamu ya maji na kuni, wajulikane kwa majina na siku, kwa majuma 6 ya kwanza walau, na kwa shamba mpaka msimu mmoja upite. Awepo na mtu wa kutembea naye asubuhi. Zile dola na shilingi walizokuwa nazo watu wa utafiti ule wa Kanada hatunazo. Lakini yule mshauri wa kumsindikiza mgonjwa kwa miaka, huyo tunaweza kumpata miongoni mwetu.

Na mgonjwa naye ana sehemu yake. Akipata nguvu aseme. Asijifiche nyuma ya ugonjwa wakati wengine wanachoka kwa ajili yake. Leo achambue sombe akiwa ameketi. Baada ya miezi abebe kidumu cha lita 3, kisha cha 5 daktari akikubali. Jembe lije mwisho, maana kuinama na kupiga ardhi kunavuta tumbo kwa nguvu. Anavyopokea kazi zake moja moja, anawapumzisha waliombebea. Huo nao ni upendo.

MAZOEZI SI KIAPO

Jambo la mwisho linatuhusu sisi tunaotazama. Zile hesabu tulizotaja zasema kwamba hata katika kundi la mazoezi, karibu 20 katika 100 ugonjwa ulirudi, au walipata kansa nyingine, au walifariki katika miaka 5. Na katika kundi lingine, kama 74 walikuwa salama ingawa hawakusindikizwa. Maana yake kutembea kunaongeza matumaini, lakini hakuweki mkataba na kifo.

Basi ndugu akitembea kila siku na ugonjwa ukarudi, asisikike mtu akisema "hakufanya bidii". Tumekwisha kuwaumiza wengi kwa kusema "hakuwa na imani". Tusitafute fimbo mpya ya kuwapigia. Yule aliyetembea dakika 10 kwa ukweli, na watu wa nyumbani waliompa nafasi, na jirani aliyebeba bidoni, wote walitenda haki siku ile. Haki hiyo haifutwi na matokeo ya kipimo cha hospitali.

Wapendwa, juma hili kila familia ijiulize: katika mtaa wetu, ni nani aliyetoka hospitali? Kuna wa kutembea naye? Maji yake yanachotwa na nani? Mwenye jibu na alete kwa wazee wa kanisa baada ya ibada, tupange zamu. Na wewe uliyetoka matibabuni, usiwaonee haya. Tuambie kiasi unachoweza leo, nasi tutakwenda kwa mwendo wako.

Bwana awatie nguvu nyote.